Kabla Askofu Hajapanda Gari la Moshi

Nyumbani kwa Ogola,
Mfereji wa Pili,
Ahero, kupitia Kisumu.

Jumatatu, 9 Novemba 1987

Mpendwa wifi yangu Lornah,

Salamu nyingi kutoka huku bara zikufikie wewe, baba Aoko, na Aoko wetu mwenyewe. Hamjambo huko Changamwe? Joto linawaonaje? Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoeana tangu nilipoolewa, maana Kijaluo changu cha kusema kimenyooka lakini cha kuandika bado kinachechemea, na wewe najua utanicheka mpaka majirani waje kuuliza kuna nini.

Sisi huku hatujambo, kwa kadiri mtu anavyoweza kusema hajambo. Mama yako yupo. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote; jana ameniambia chai yangu ni maji ya kusuuzia vikombe. Mvua imeanza kwa nguvu mwaka huu. Maji yamefika kwenye uwanja wa Benta, jirani yetu, lakini kwetu bado hayajaingia, na mpunga umesimama vizuri.

Niambie kwanza habari za Aoko. Katika barua yako ya Septemba ulisema ameanguka mara tatu kwa wiki moja, na mara moja ilikuwa karibu na jiko. Sehemu hiyo nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea. Dawa anazipata? Na shuleni wamemkubali tena, au yule mwalimu bado anasema watoto wengine wanaogopa? Miaka minane si umri wa kukaa mlangoni ukiwatazama wenzako wakicheza. Mimi namwombea kimya kimya, na Mama anamwombea kwa sauti, mpaka kuku wanatoka ndani wenyewe.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Umeniuliza mara mbili habari za mbwa ambaye kaka yako Absalom alikuwa anamlea kwa ajili ya Aoko. Mara ya kwanza nilikujibu kwamba ana minyoo. Mara ya pili sikujibu. Wifi, mbwa hakuwa na minyoo. Nilikudanganya, na huo si uongo wangu wa kwanza tangu Absalom afariki. Kaa chini uisome barua hii umetulia, na kama kuna kitu jikoni, kiepue kwanza.

Wewe hukupata nafasi ya kuja mazikoni. Ulikuwa wodini na mtoto, na hakuna aliyekulaumu. Kwa hiyo mengi hukuyaona, na kwanza kabisa hujamwona Askofu.

Alikuja Januari. Absalom alikuwa amekwenda Mamboleo kutafuta gunia la mkaa, akarudi bila mkaa, koti limevimba kifuani. Nilidhani ni kuku. Akafungua vifungo, kikatoka kichwa cheusi chenye macho ya usingizi. Mwili wote mweusi, isipokuwa duara jeupe shingoni, limekaa sawasawa kama ule ukosi wa wachungaji wetu. Mama akasema hapo hapo, "Huyu ni Askofu." Nilikataa, mimi ni mtu wa kanisa na nina uso wa kutunza, lakini unamjua mama yako. Hata mwinjilisti siku hizi akipita anauliza, "Askofu hajambo?" halafu anaangalia pembeni asicheke.

Barua yako ya Krismasi ndiyo iliyomtuma Mamboleo. Ulikuwa umeandika kwamba Aoko akianguka watoto wenzake wanakimbia, na akiamka anakuta watu wanapiga kelele juu yake, basi analia kutwa nzima. Absalom alinisikiliza nikimsomea, akasema, "Mbwa hakimbii mtu akianguka, Dorca. Ni watu ndio wanakimbia." Unajua Mungu hakutujalia mtoto. Aoko alikuwa wako kwa kuzaa, lakini kaka yako alimhesabu kuwa wake pia.

Tena alikuwa na neno lake la ndani ambalo hakupenda kulisema. Miaka kumi na tisa alilinda maghala pale Kisumu pamoja na mbwa, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwafanya wawe wakali. Waliwafungia gizani, wakawanyima chakula, wakawapiga kwa gunia ili wamchukie kila mwenye miguu miwili. Alipostaafu aliniambia ameharibu mbwa kumi na mmoja kwa mikono yake, na kabla hajafa anataka kumlea mmoja vizuri.

Na alimlea, wifi. Nimeona wanawake wengi wakilea watoto, lakini sijaona malezi kama yale.

Wiki ya kwanza hakumfundisha lolote. Alimtandikia lile koti lake zito la ulinzi, la khaki lenye vifungo vya shaba, akamwacha alale juu yake aijue harufu. Akilia hakumbeba. Akinyamaza, hapo ndipo alipombeba. Mimi nilisema huo ni ukatili, akanijibu kwamba anayebebwa kwa kulia atalia maisha yake yote. Siku ya tano kelele zikaisha.

Chakula nacho kilikuwa na adabu yake. Absalom alishika bakuli la ugali na mchuzi wa omena, wale dagaa wetu wa ziwani, mbwa akirukaruka, bakuli linapanda. Mbwa akikaa, bakuli linashuka. Hakuna kugomba, hakuna fimbo. Bakuli likifika chini bado alipaswa kungoja mpaka aambiwe, "Haya." Neno alilisema mara moja tu. Alisema ukiita mara tatu umemfundisha kungoja ile ya tatu. Nikamwambia basi mimi umenifundisha vibaya, maana huwa nakuita mara kumi ndipo uje kula. Alicheka mpaka akakohoa.

Kutembea kulituchosha sote. Alimfunga kamba ya katani iliyolegea, wakapita juu ya matuta ya mpunga. Mbwa akivuta, Absalom anasimama kama mlingoti. Hasemi kitu. Mbwa akilegeza, wanaendelea. Siku ya kwanza walitoka saa moja asubuhi kwenda kwenye mfereji ambao mimi naufikia kabla uji haujapoa, wakafika saa nne. Lakini kufikia Machi kamba ilikuwa kama pambo tu. Alimpeleka hadi kandokando ya barabara kuu akakaa naye malori yakipita, mpaka mlio wa breki ukawa si kitu kwake. Alimkalisha nje ya kanisa wakati wa ngoma. Aliwaita watoto wa Benta wamvute masikio, kwa zamu, na kila aliyemvuta alimpa omena mmoja baadaye. Akitafuna mkono wa mtu, huo mkono unakunjwa na uso unageuzwa, mchezo umekwisha. Kuhusu kuku hakumfundisha yeye. Alimwachia kazi hiyo mama mwenye vifaranga, na kwa somo lile Askofu hakuhitaji kurudia darasa.

Baada ya hapo likaja somo la kuanguka.

Hilo alilianza mwishoni mwa Machi. Kwanza alikuwa anakaa chini ghafla. Kisha anapiga magoti. Kisha, mzee wa miaka sitini na moja, anajitupa mchangani katikati ya ua akiwa amevaa koti lake, anatetemesha miguu kama ulivyoeleza katika barua, halafu anatulia. Mwanzoni Askofu alichanganyikiwa. Alibweka, akaruka juu yake, akamlamba uso. Absalom alikaa vilevile kama gogo mpaka mbwa achoke. Mbwa akinyamaza na kulala kando yake, hapo ndipo alipoinuka polepole na kumpa samaki. Hakutaka abweke hata kidogo. Alisema mtoto amechoka na kelele za watu.

Usijitwike hilo, wifi. Nakujua. Uliandika ukweli wa mtoto wako, na yeye aliuchukua kwa upendo.

Majirani walikuja kutazama. Benta alikuwa anapita na ndoo kichwani, anapiga kelele, "Mwalimu ameanza darasa!" Wengine walisema kustaafu kumempanda kichwani, wengine wakasema kuna mtu amemroga. Na kila mara kulikuwa na mmoja aliyekimbia kumwinua, na somo likaharibika. Mwisho Absalom akakasirika. Alitukusanya ua mzima, mimi, Mama, Benta na watoto wake, akatupa sheria. "Nikilala chini, hakuna mtu anakuja. Hakuna kuniita. Hakuna kucheka. Mtu aendelee na kazi yake. Hii mbwa ni lazima ijue mtu akianguka dunia haiishi."

Tukatii. Ile miezi miwili alituzoeza sote, si mbwa peke yake. Mtu akija kwetu akamkuta mwenye nyumba amelala kifudifudi mchangani, tulimwonyesha kiti na kumpa maji, na tukaendelea na mazungumzo.

Lornah, telegramu uliyopata ilisema amefariki ghafla. Barua niliyokuandikia baadaye ilisema alianguka, nikamkimbilia, tukampeleka hospitali. Leo ni miezi mitano kamili tangu aanguke, na nitakwambia ilivyokuwa. Nimeshindwa kukwambia mpaka leo kwa sababu naogopa hutaniita tena wifi.

Ilikuwa Jumanne, saa nne hivi asubuhi. Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa jiko, ungo mapajani, nachambua mchele wa mchana. Absalom alitoka nyuma ya ghala pamoja na Askofu. Alifika karibu na kamba ya kuanikia nguo, akasimama kidogo, akaanguka.

Nilimwona. Sikusimuliwa na mtu. Nilimwona kwa macho yangu akianguka, na nilichosema moyoni ni kwamba leo ameanguka vizuri kweli.

Askofu alimzunguka mara moja. Hakubweka. Hakuruka. Alilala kando yake, akaweka kidevu chake juu ya mkono wa Absalom, akatulia. Ilikuwa mara ya kwanza kufanya sawasawa, bila kosa hata moja, na mimi nilifurahi. Nataka ulijue hilo pia. Nilikaa pale nikimfurahia mbwa, nikasema Aoko amepata mwenzake, na nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Nilimaliza kuuchambua. Niliuosha mara mbili. Nikaubandika, nikachochea moto, maji yakachemka, nikafunika. Mara mbili nilichungulia nje, na mara zote mbili walikuwa vilevile, na nikasema leo anampima kwa muda mrefu. Nilitaka kumwita, chai yake ilikuwa inapoa. Sikumwita, kwa sababu alikataza. Wali ulipokaribia kukauka, kuku alipita akidonoadonoa karibu na mkono wake, akaukanyaga, na mkono haukumfukuza. Ndipo niliposimama.

Alikuwa anapumua bado. Mdomo umekwenda upande. Askofu alinitazama na mkia wake ukapiga chini mara moja, anangoja samaki wake.

Tulipata gari kwa watu wa kinu cha mpunga, tukafika Kisumu saa saba. Daktari aliniuliza alianguka saa ngapi. Nikamjibu, "Sasa hivi tu, daktari." Akaandika. Hakuniambia kwamba angepona kama tungewahi, wala mimi sikumwuliza, na sitakuja kumwuliza. Jumatano asubuhi kaka yako akafa. Hakusema neno. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unashikashika shuka, na muuguzi akasema wengi hufanya hivyo. Mimi nilidhani anatafuta kichwa cha mbwa.

Mazishi yalikwenda vizuri, watu walikuwa wengi, mengine ulisikia kwa baba Aoko. Jambo moja hakukwambia kwa sababu hakulielewa. Mama alileta lile koti la khaki kutoka kwenye mfuko wa hospitali, akataka nilivae. Unajua desturi ya kwenu, mjane avae vazi la mumewe siku za maombolezo, watu wamwone na wajue. Nilikataa mbele ya watu. Nilisema mimi ni mtu wa Umoja wa Akina Mama na mambo hayo tumeyaacha. Wakaniona nina imani kubwa. Haikuwa imani, wifi. Niliogopa lile koti. Nilijua mimi ndiye niliyeliacha mchangani. Mama hakubishana. Alilikunja, akaliweka kwenye sanduku lake, na kwa wiki mbili akanijibu kwa neno moja moja.

Sikulia pia. Watu walisema nina moyo mgumu, wengine wakasema ndio hawa wageni tulioletewa kutoka Samia.

Nikamchukia mbwa. Kila asubuhi alikwenda kulala palepale karibu na kamba ya nguo, ametulia, mtiifu, kama alivyofundishwa, na mimi kila nikimwona nilikuwa nasikia mchele ukigonga ungo. Sikumpiga. Nilifanya jambo baya zaidi. Nilimwekea bakuli, nikaondoka bila kusema "Haya." Alikaa mbele ya chakula, mate yanamtoka, hagusi, mpaka nzi wakala wakashiba. Mama ndiye aliyekuwa anajikokota na mkongojo wake kwenda kumwambia ale. Hakunigombeza. Alisema tu, "Hii mbwa haikukosa kitu." Wakati huo ndipo nilipokuandikia habari za minyoo. Nilikuwa natafuta dereva wa lori anayekwenda mbali nimpe amchukue, asirudi.

Halafu mwezi wa Septemba, siku chache baada ya kupata barua yako, Mama aliteleza uani. Mvua ilikuwa imenyesha na mimi nilikuwa shambani. Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye tope, kanga imekwenda upande, anatukana kwa Kijaluo maneno ambayo sikuyajua licha ya miaka yote niliyokaa kwenu. Hakuumia. Kando yake, Askofu amelala, kidevu juu ya paja lake, mtulivu kabisa.

"Nimekaa hapa mpaka nimesahau nilikuwa naenda wapi," akaniambia. "Hii mbwa inajua kungoja tu. Nikifa itaningoja."

Nikamwinua, nikamwosha, nikacheka naye kidogo. Kisha nikaingia ndani nikaketi. Nilimwona Aoko, karibu na jiko, wewe uko dukani au bombani, na mbwa wa mjomba wake amelala kando yake, kimya, akifanya kila kitu sawasawa.

Hapo nikajua kwamba siwezi kukuletea Askofu vile alivyo, na siwezi kumtupa pia, maana mtoto anamhitaji na hiyo ndiyo kazi pekee aliyoacha kaka yako. Kulikuwa na somo moja limebaki. Ilikuwa lazima mtu amfundishe kubweka.

Nilijaribu siku iliyofuata. Nilijilaza uani nikiwa na gauni langu la kazi, najisikia mjinga. Askofu alisimama mbali akanitazama. Hakunikaribia hata hatua moja. Miezi mitatu nilikuwa nimemnyima neno, naye alikuwa amelijua hilo. Nililala pale mpaka mgongo ukaniuma, nikainuka, nikaenda nyumbani kwa Mama, nikamwomba koti.

Hakuniuliza la nini. Alifungua sanduku akanivisha mwenyewe, akanifunga vifungo vya shaba kimoja kimoja kama mtu anayemvisha mtoto wa shule. Lilikuwa na harufu ya tumbaku, ya sabuni ya kipande na ya mbwa.

Tukapanga hivi. Mimi naanguka. Mama anakaa mlangoni kwake na kopo la omena. Mbwa akitoa sauti yoyote, Mama anakuja na samaki. Asipotoa, hakuna mtu anakuja. Ilikuwa sheria ya Absalom tumeigeuza ndani nje.

Nikiwa na koti Askofu alikuja mbio. Lakini alifanya alichokijua. Alilala, akatulia, akangoja. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, mpaka ya tano. Nililala kifudifudi nikihesabu siafu, Mama anasinzia na kopo lake. Benta alipita na ndoo. Alishusha macho akapita haraka.

Siku ya sita nilianguka vibaya, uso ukaingia ndani ya ukosi wa koti, na ile harufu ikanijaa. Nikalia. Tangu Juni sikuwa nimelia, na yote yalitoka siku hiyo, kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wanapita kwenda sokoni. Sikuwa nafundisha tena. Nilimlilia mume wangu mchangani, katika vazi lake, kama desturi yenu ilivyotaka na mimi nikakataa. Na Askofu, ambaye hajawahi kusikia mtu aliyeanguka akilia, akaruka juu, akabweka. Mara moja, sauti imekwama kama mlango wenye kutu. Kisha tena. Mama alikuja, wifi, na magoti yale, mkongojo mkono mmoja na kopo mkono wa pili, akampa samaki watatu kwa pamoja. Mimi nikamwambia, "Haya." Hilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake.

Baada ya hapo alielewa upesi kuliko nilivyotarajia, maana alikuwa amefundishwa kufundishika. Mtu akianguka, analala kwanza kando yake, anaweka kidevu, kama kaka yako alivyotaka, ili akifumbua macho amkute. Mtu asipojitikisa, anainuka na kubweka, na habweki ovyo. Anabweka akitazama nyumba mpaka mtu atoke, akimwona anakuja, ananyamaza na kurudi kulala.

Lilibaki jambo moja, na hilo lilikuwa langu, si la mbwa. Wiki mbili zilizopita nilimtandikia Mama mkeka karibu na kamba ya nguo, nikamvisha koti, nikamwomba alale. Alinung'unika kwamba sasa nataka kumzika kwa majaribio, lakini akalala. Mimi nikaenda kukaa mlangoni mwa jiko, ungo mapajani, mchele ndani ya ungo. Sikumwambia kwa nini.

Askofu alilala kando yake. Nikachambua. Nilitoa jiwe moja, la pili, la tatu. Halafu akabweka.

Nilitupa ungo. Sijui niliuvukaje ule ua, najua tu kwamba kiatu kimoja nilikiacha njiani na mchele wote ulimwagika kwa kuku. Nilipofika nilipiga magoti nikamshika Mama kichwa, nikimwita Absalom, Absalom, na nikamwambia yote, mchele, chai, kuku, daktari, na ile furaha yangu. Alinisikiliza, mbwa kati yetu. Mwisho akaweka mkono wake juu ya kichwa changu.

"Siku ile hata mimi nilikuwa mlangoni, nyathina, mwanangu," akaniambia. "Nilimwona. Nikasema mtoto yangu anacheza."

Tulikaa pale mpaka jua likawa kali. Wali hatukula siku hiyo.

Basi hayo ndiyo niliyokuficha. Ukitaka kunikasirikia una haki, na nitapokea. Nakuomba tu usimkasirikie mama yako, wala mbwa.

Askofu anakuja. Simiyu, yule rafiki yake Absalom wa behewa la mizigo, amekubali kumchukua. Wataondoka Kisumu Ijumaa tarehe ishirini jioni, na Jumapili asubuhi watafika Mombasa. Mje kituoni wote, Aoko awe mbele. Koti linakuja naye. Wanawake wa kwenu wanasema siku zangu za kulivaa bado hazijaisha na kuna namna yake ya kulivua. Nimewaambia nimeshalivua, na nimempa dada wa mwenye nalo. Mama alisema niko sawa, wakanyamaza.

Akifika, tandika koti mahali Aoko anapolala, mwache aijue nyumba. Usimfundishe kitu wiki nzima. Asibebwe akilia. Neno lake la chakula ni "Haya," sema mara moja, na usilisahau kamwe, nimemkosea vya kutosha katika hilo. Watoto wa jirani wakimvuta masikio atavumilia. Mpe omena, kama huko hakuna, dagaa wa baharini nadhani atawasamehe.

Mama anakusalimu na anasema tangu utotoni sauti yako inafanana na ya kaka yako, kwa hiyo mbwa atakusikia. Benta anakusalimu pamoja na watoto wake, ambao wamelia tangu waliposikia Askofu anahama. Nisalimie baba Aoko, umwambie ahsante kwa kusimama nasi kaburini. Na Aoko mwambie mjomba wake alianguka mara nyingi sana kwa ajili yake, na shangazi yake pia amejaribu.

Mungu aliyemkirimia Absalom subira ile akakae nanyi nyumbani, amwinue mtoto kila anapoanguka, na awape usingizi mzuri.

Ni mimi nikupendaye, hata kama utaninyamazia,
wifi yako,
Dorca Nabwire

N.B. Akibweka, acha chochote ulichoshika mkononi, uende.